Mkono wa Kushoto wa Darasa la Tano

Mwalimu Emérence hakupenda utafiti, alipenda sifa. Nalisema hili mapema ili msije mkaanza kumwonea huruma kabla ya wakati wake.

Alikuwa akifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi kule Cimpunda, mtaa wa mlimani. Jina la shule tuliache, maana majirani zangu wana watoto mle. Benchi lililotengenezwa kwa watoto wawili lilikaliwa na watatu, na mvua ikivujisha darasa la jirani, na wanne. Hata hivyo darasa la Emérence lilikuwa gumzo la mtaa mzima. Ukipita nje asubuhi ungemsikia akiuliza, "Nani anajua?" na kabla hajafunga mdomo mikono yote iko juu, toka benchi la mbele hadi la ukutani, na watoto wanapiga vidole: "Madame! Madame! Mimi, Madame!" Walimu wenzake, ambao watoto wao hukaa kimya kama magunia ya muhogo, walipita dirishani wakiuma midomo. Emérence aliwaona vizuri sana, akajifanya anafuta ubao.

Direkta wa shule, Papa Floribert, alikuwa karibu kustaafu, na hakuna aliyeuliza kiti chake kitamwendea nani. Emérence mwenyewe alikuwa ameshaanza kukitazama kile kiti jinsi mtu anavyotazama viatu vya dukani ambavyo ana hakika vitamtosha.

Basi mwaka huo Papa Floribert akaitwa kwenye mafunzo kule Nguba, kando ya ziwa, mahali ambapo walimu hupewa chai yenye maziwa na kuambiwa mambo ambayo hayajawahi kufika mlimani. Akarudi nayo. Akawakusanya walimu wake katika darasa la kwanza, wakaketi kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamewafika kifuani.

"Bon," akasema. "Tangu zamani tunangojaka inspecteur akuye kutwambia makosa yetu. Sasa banasema hapana. Kila mwalimu ajiulize ye mwenyewe ulizo moja juu ya kazi yake, atafute jibu ndani ya classe yake, kisha atwambie sisi benzake. Hata kama jibu iko mubaya."

Walimu wakanuna. Mmoja akauliza kama huo utafiti utaziba mabati yanayovuja. Mwingine akasema yeye kazi yake anaijua, hana haja ya kuichunguza kama mtu anayechungulia mfukoni mwake mwenyewe. Papa Floribert akawaacha wachoke, kisha akaongeza kwamba mwaka wa shule ukikaribia kwisha, walimu wa shule nyingine watakuja, hata wale wa mbali kule Miti, waangalie somo la mmoja wao na wasikie amegundua nini. Inspekta pia atakuwapo.

Hapo Emérence akainua mkono. Wa kuume, bila shaka.

"Mimi nitafanya," akasema. "Ulizo yangu iko hii: juu ya nini, kwa sababu gani, batoto ba classe yangu banapenda kujibu kupita bengine?"

Papa Floribert akakuna kichwa. "Maman Emérence, ile iko ulizo ao iko sifa?"

Wenzake wakacheka, na wengine walicheka kupita kiasi, maana walikuwa wameingoja nafasi hiyo miaka mingi. Emérence akangoja kicheko kiishe. "Iko ulizo," akasema, na ikabaki hivyo.

Mtu wa kumsaidia alikuwa Benoît, kijana mpole aliyefundisha mchana katika darasa lilelile, watoto wa asubuhi wakishaondoka. Emérence alimchagua kwa sababu asubuhi alikuwa huru, na pia kwa sababu hakuwa mtu wa kubisha. Kazi aliyompa ilikuwa nyepesi: akae nyuma, aangalie ni nani wanaopewa nafasi ya kujibu, na watoto wakishatoka aweke alama ya chaki kwenye benchi la kila aliyejibu. Emérence alitaka kuona darasa zima limekuwa jeupe. Alikuwa ameshaisikia sauti yake mwenyewe ikiwaeleza wageni wa Miti: tazameni, hakuna benchi lililobaki.

Siku ya kwanza Benoît aliweka alama zake. Emérence akatazama. Mabenchi ya upande wa dirisha yalikuwa na chaki, mengine hata mistari miwili mitatu. Upande wa mlango hapakuwa na kitu, na nyuma hapakuwa na kitu.

"Umesahau bale ba huku," akasema.

"Sikusahau, maman."

Basi watoto wa mchana wakaingia, wakaketi, wakaifuta chaki yote kwa sketi na suruali zao za bluu bila kujua. Emérence akasema ilikuwa siku mbaya, arudi kesho. Kesho yake chaki ikawa upande wa dirisha. Keshokutwa ikawa upande wa dirisha tena, mabenchi yaleyale.

"Lakini bote banainulaka mukono!" Emérence akasema. Sauti ilimpanda bila yeye kupenda. "Weye mwenyewe ulibaona!"

Benoît alikuwa akiigeuzageuza chaki vidoleni. "Nilibaona, maman. Bote banainula. Ila haiko mukono moja. Bale unabaita banainula ya kuume. Bale haubaite banainula ya kushoto." Akaiweka chaki mezani. "Nilifikiri unajua."

Kama hujawahi kuwa mwalimu, itabidi nikueleze, na kama umewahi, utaniwia radhi, maana unaujua huu ujanja kuliko mimi. Inspekta akitangaza kwamba anakuja, mwalimu huwaambia watoto: nikiuliza, wote muinue mikono. Anayejua ainue wa kuume, asiyejua ainue wa kushoto. Mimi nitamwita wa kuume. Inspekta anaona msitu wa mikono, anaandika "darasa hai", anakunywa soda yake, anakwenda zake. Hakuna mtoto anayeaibika, hakuna mwalimu anayeaibika. Ni jambo la asubuhi moja, kama kuvaa shati la kuazima.

Emérence aliwafundisha watoto wake hivyo mwezi wa kumi, inspekta alipokuja. Inspekta akaondoka akiwa amefurahi sana. Emérence hakuwaambia watoto waache.

Alimkasirikia Benoît kwanza. Alimwambia kwamba anayemchunguza mkubwa wake kwa namna hiyo hana adabu, kwamba yeye alikuwa akishika chaki wakati Benoît ananyonya. Benoît akaitikia "ndiyo, maman" kwa kila neno, mpaka maneno yakamwishia Emérence. Kisha akaketi kwenye benchi la karibu na mlango, lile lisilo na alama, na akajiuliza ni nani hukaa pale. Ghislaine. Hukaa Ghislaine na wenzake wawili. Akajaribu kukumbuka sauti ya Ghislaine ikijibu jambo lolote tangu mwezi wa kumi. Hakuikumbuka.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya somo, akawauliza watoto. Aliuliza kwa upole, maana alikuwa anaogopa.

"Benye munainulaka mukono ya kushoto. Juu ya nini mungali munainula? Inspecteur alienda zamani."

Watoto wakatazamana. Mwishowe Ghislaine akasimama, msichana mwembamba mwenye nywele zilizosukwa zikabana mpaka macho yakawa kama yanashangaa. Mama yake huuza unga sokoni Kadutu.

"Madame, haukutwambia tuache," akasema.

"Na weye haukuona kama ile iko mubaya?"

"Hapana, Madame." Ghislaine akatabasamu. "Tunakupendaka juu ya ile. Madame ya mwaka yenye ilipita alikuwa anatuuliza hata kama hatujue, benzetu banatucheka. Weye hautuhayishake."

Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, Madame!" Walimaanisha kabisa. Wengine walipiga makofi.

Emérence akawaambia wafungue madaftari, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu mahali ambapo hapana dirisha linalotazama. Aliona haya. Alikuwa amezoea haya ndogondogo za maisha, kama kuteleza kwenye matope mbele ya watu au kuitwa na mwenye duka anayekudai, na zile hupita. Hii iliingia ikakaa. Watoto walikuwa wanampenda kwa sababu aliwaacha. Miezi yote hiyo alikuwa akipita juu ya vichwa vyao kama mtu anayevuka mtaro, nao wakamshukuru kwa kutowakanyaga. Na lililomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kusema hakujua. Jicho lake lilijua. Jicho lake lilikuwa linauendea mkono wa kuume moja kwa moja, kila siku, na moyo wake ulikuwa unaufurahia ule msitu.

Aliporudi ndani alimwita Ghislaine mezani, polepole, akamwuliza sikioni nusu na robo zikiwekwa pamoja zinakuwa nini. Ghislaine akamtazama kwa subira kubwa, kama anayemkumbusha mtu mzima jambo alilolisahau, kisha akainua mkono wa kushoto kidogo, usawa wa kiuno, wengine wasione.

Ungefikiri baada ya hapo mwalimu wetu alibadilika. Hakubadilika. Siku ya wageni ilikuwa imekaribia, inspekta alikuwa ameshathibitisha, na Papa Floribert alikuwa ameanza kumwonyesha mahali funguo zinapokaa. Siku moja kabla, Emérence akasimama mbele ya watoto, akasema:

"Kesho tutapata bageni. Tutafanya kama siku zote."

Alitumaini mtoto mmoja angeuliza "siku zote" maana yake nini, ili alazimike kujibu. Hakuna aliyeuliza. Walijua, wakatabasamu, wakawa tayari kumsaidia.

Benoît alikuwa mlangoni akingoja zamu yake. Watoto walipotoka akauliza, "Na utabaambia umeona nini, maman?"

"Nitabaambia kama batoto banapenda kujibu sababu ninabasifuka."

"Sawa," Benoît akasema, akaanza kufuta ubao. Kama angemtukana, Emérence angepata la kumjibu.

Wageni walikuja na viatu vya tope, maana ilikuwa imenyesha. Walijaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa, wakapangwa ukutani nyuma ya watoto, nasi majirani tukasimama nje ya dirisha. Palikuwa na mama mmoja kutoka Miti, Maman Adélaïde, aliyekuwa ameamka gizani ili awahi, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa hamu ya kujifunza. Inspekta, Papa Philémon, alipewa kiti chenye mto. Alikuwa mtu mzito mwenye mwendo wa taratibu, aliyefundisha miaka mingi kabla ya kupewa gari na dereva. Papa Floribert akaketi pembeni yake, mikono juu ya magoti, kama baba wa bibi harusi.

Emérence akachukua parachichi, akalikata nusu, akaikata nusu moja tena. Akaeleza. Alikuwa mwalimu mzuri, hilo hata mimi simnyimi; sauti yake ilikuwa na joto. Kisha akauliza, "Nusu na robo, pamoja zinakuwa nini? Nani anajua?"

Mikono ikapanda yote. "Madame! Madame! Mimi, Madame!" Vidole vikapigwa. Nyuma, Maman Adélaïde akasema "Eh!" akamgusa mwenzake. Inspekta akainamisha kichwa kwa Papa Floribert, akanong'ona jambo, na Papa Floribert akatabasamu mpaka masikioni. Emérence aliyaona yote hayo. Kiti kilikuwa chake. Palibaki kumwita mtoto wa dirishani, yule mkono wa kuume wa benchi la kwanza, ambaye jibu lilikuwa limeshamjaa mdomoni.

Lakini hakuweza tena kuuona msitu. Aliuona mkono mmoja mmoja. Akauona mkono wa Ghislaine karibu na mlango, wa kushoto, umeinuliwa juu kuliko mingine yote, unapunga kwa nguvu, na Ghislaine anaita "Mimi, Madame!" kwa sauti kubwa, kwa ajili yake, ili wageni waone kwamba Madame wao ni hodari. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na hakika kwamba hataitwa.

"Ghislaine," akasema Emérence.

Mikono mingine ikashuka. Ghislaine akasimama. Alimtazama mwalimu, kisha akautazama mkono wake uliokuwa bado juu, akaugeuza upande huu na upande ule.

"Pardon, Madame," akasema. "Nimekosea? Hii haiko ya kushoto?"

Kama wageni wale wangekuwa maseremala au washonaji, mmoja angeuliza, "Mtoto anasema nini?" Walikuwa walimu. Hakuna aliyeuliza. Maman Adélaïde, aliyekuwa amefungua mdomo ili asifu, akaufunga akatazama mikono yake mapajani. Mtu mmoja akakohoa. Inspekta akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Ghislaine alikuwa bado amesimama, na uso ulianza kumwiva. Aliona watu wote wamenyamaza kwa sababu yake. Hapo Emérence akaelewa amefanya nini: alitaka kusema ukweli, akamtuma mtoto autangulie.

"Haukukosea," akasema. "Iko mukono ya kushoto. Ikala chini, Ghislaine, haukukosea. Nimekosea miye."

Akawageukia wageni. Maneno aliyoyatayarisha yalikuwa yamepotea, akasema yale yaliyobaki. "Miye njo nilibafundisha. Mwenye kujua, ya kuume. Mwenye hajue, ya kushoto. Ilikuwa juu ya siku moja, ya inspecteur. Nikabaacha hivi mwaka muzima. Hapa upande wa mulango, batoto habajajibu hata kitu. Nilikuwa naona mikono mingi, nafurahi. Njo kitu nimeona katika utafiti yangu. Nasikia haya sana."

"Madame," inspekta akasema kwa sauti ya chini, "mambo ya vile tunasemaka mu bureau. Haiko mbele ya batoto."

"Batoto banajua, Papa Inspecteur. Bo njo banainulaka."

Papa Philémon akakunja uso. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshaandika "darasa hai" katika madarasa mengi mno, na nadhani yalimpitia kichwani yote kwa pamoja. Akaamua kulimaliza jambo lile upesi, kwa swali ambalo mwalimu yeyote anajua kulijibu.

"Bon. Mwaka inaisha. Bale ba upande wa mulango habajue sehemu, habajue pengine na mambo ingine. Sasa weye, Madame, mu siku zenye zinabaki, utabafanyia nini?"

Jibu lipo. Walimu wote mle ndani walikuwa nalo: nitaunda vikundi, nitawapa mazoezi ya ziada, nitawaita wazazi. Ukilisema vizuri, inspekta anaitikia kwa kichwa, watu wanapiga makofi, wote wanakwenda kunywa soda. Emérence alilifungulia mdomo. Akayaona mabenchi ya karibu na mlango, watoto watatu watatu, miezi yote ile, na akajua kwamba hajui.

Akainua mkono wa kushoto.

Aliuinua mpaka juu, kama wao, akausimamisha pale mbele ya ubao. Inspekta akangoja aseme. Papa Floribert akatazama dirishani. Watoto ndio walioelewa kwanza. Kelele zao ndogo zikakatika benchi baada ya benchi, mpaka pakawa kimya kabisa, na nyuma kabisa, ukutani, Benoît akautoa mkono wake wa kushoto mfukoni akauinua naye. Wageni waliokaa karibu naye wakajisogeza kidogo.

Ghislaine alikuwa hajaketi. Alitazama wale watu wazima wote wanaomtazama Madame wake, na akaona haya kwa niaba yake. Akatoka kwenye benchi, akapita katikati ya watoto mpaka mbele, akamvuta Emérence kwenye kitenge.

"Madame," akanong'ona, lakini kwa ule ukimya tulisikia sote. "Shusha mukono. Batakuita."

Emérence akatikisa kichwa, akabaki ameuinua.